Kukusanya mabuu ya Diamesa kwenye kijito cha barafu ya Lewis, Mlima Kenya

Diamesa ni usubi asiyeuma. Mabuu yake huishi hata pale maji yanapochuruzika moja kwa moja kutoka barafuni, yasipozidi nyuzi 2 za Selsiasi. Barafu ya Lewis ilipoteza takriban 90% ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010, kwa hiyo sampuli iliyoharibika leo huenda isipatikane tena.

1. Vibali. Cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) na cha KWS (shirika la wanyamapori la Kenya), vyote viwili.

2. Muda. Lala Mackinder, kambi iliyo chini ya vilele, uondoke gizani. Alfajiri kijito ni chembamba na maji ni maangavu. Jua likishachoma barafu, maji hufura na kuwa meupe kama yaliyooshea mchele. Hapo huoni jiwe wala mdudu.

3. Kukusanya. Wavu wa matundu ya mikromita 250, mdomo ukitazama yanakotoka maji. Wengi hupiga mateke chini ya kijito. Mimi nashauri mswaki laini. Buu hili hung'ang'ania jiwe kwa kulabu za miguu yake, na teke huleta mchanga mwingi kuliko wadudu. Sugua kwa sekunde 30, kisha mwaga wavu ndooni. Ukiendelea, wavu unaziba, maji yanarudi nyuma na mabuu yanatokea mdomoni.

4. Kuondoa unga wa mwamba. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Barafu husaga mwamba ukawa laini kama unga wa ngano, na unga huo ukiingia chupani pamoja na wadudu hugandamana nao.

Jaza ndoo nusu kwa maji ya kijito, lakini uyapitishe kwanza wavuni, la sivyo unaongeza wadudu wa mahali pengine. Koroga kwa mkono, hesabu hadi tatu, kisha mimina maji ya juu kwenye chekeche la mikromita 250. Mchanga ubaki chini. Rudia mara tano au zaidi, hadi mmiminiko usilete mdudu. Chekeche likiziba, lichovye majini na ulipigepige kwa chini. Usisukume kwa kidole: vichwa hukatika, na bila kichwa huwezi kutambua spishi.

Usiutupe mchanga uliobaki. Mabuu mengine ya usubi hujijengea vijumba vya hariri na mchanga, nayo huzama. Tandaza kijiko kimoja kimoja kwenye trei nyeupe, kivulini. Katika mwinuko huu jua hupasha maji ya trei kwa dakika chache, na mabuu yaliyozoea baridi hulegea, hayajongei tena, ukayapita ukidhani ni takataka.

5. Kuhifadhi. Ethanoli 95%, lebo ya penseli ndani ya chupa. Badilisha ethanoli baada ya saa 24, maana maji ya miilini huizimua.

6. Kichwa. Kiloweke usiku kucha kwenye hidroksidi ya potasiamu 10%, suuza kwa maji kisha ethanoli, weka kwenye Euparal (gundi angavu ya kubandikia sampuli kwenye kioo cha hadubini) upande wa chini ukitazama juu. Bonyeza kioo cha kufunikia taratibu mpaka meno ya kidevu yaonekane yote. Kikilala ubavu, meno hayahesabiki.