Kuchagua intakula ya Subaru inayokaa foleni

Vijana wengi wanaoniletea Subaru za turbo hufika wakiwa wameshaamua kuhusu intakula, kile kifaa cha kupoza hewa inayotoka kwenye turbo kabla haijaingia kwenye injini. "Fundi, nataka ile kubwa ya mbele, ionekane kwenye bampa." Mimi huwauliza gari linapita wapi asubuhi. Jibu ni Thika Road, Mombasa Road au Waiyaki Way, na kutoka saa kumi na mbili hadi saa mbili gari hilo linatambaa nyuma ya matatu. Basi intakula tunayoitafuta ni ya gari linalotambaa, halafu likipata nafasi liruke. Si ya gari la mashindano. Dereva Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 na Impreza, sawa, lakini yeye hakukaa foleni Pangani.

Nazungumzia Subaru za injini ya EJ20 yenye turbo, kwa sababu ndizo zimejaa hapa Nairobi na ndizo nazishika kila siku: Impreza WRX, Forester za XT, Legacy GT. Zote hizi intakula yake imelala juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti. Mwenye Golf GTI au gari lingine ambalo intakula yake iko mbele tangu kiwandani atachukua hesabu za joto na presha, mengine aruke.

Turbo inabana hewa, na hewa ikibanwa inachemka. Hewa ya moto ni nyepesi, ina oksijeni kidogo, na inaifanya petroli ilipuke kabla ya wakati wake. Huko ndiko injini kugonga, na EJ20 haivumilii kugonga, pistoni hupasuka. Kumbuka pia gari lililouzwa Japani lilipangiwa petroli yao ya oktani karibu 100, ambayo kwenye pampu zetu za kawaida hakuna. Kwa hiyo kila nyuzi ya joto unayoitoa kwenye hewa inakununulia usalama kabla haijakununulia nguvu.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na watu wa kwetu hudhani intakula kubwa ni shida ya Pwani kwa sababu ya jua. Piga hesabu uone. Usawa wa bahari, hewa ina presha ya psi 14.7. Nairobi, kwenye mwinuko wa kama mita 1,700, ni psi 12 hivi. Geji yako ikisoma boosti, yaani presha inayoongezwa na turbo, ya psi 13 kote kuwili, Mombasa turbo imebana hewa mara 1.9, Nairobi imeibana mara 2.1. Chukua turbo yenye ufanisi wa asilimia 70. Mombasa, siku ya nyuzi 32, hewa inatoka kwenye turbo ikiwa na nyuzi kama 118. Nairobi, siku ya nyuzi 25, inatoka ikiwa na nyuzi kama 124. Jiji lenye baridi ndilo linalochemsha turbo zaidi. Hapo hapo hewa nyepesi ya huku juu inapita kwenye mapezi ya intakula, vile vibati vyembamba vya kutolea joto, bila kubeba joto jingi. Kwa hiyo mtu wa Nairobi asidharau jambo hili kwa sababu anavaa sweta.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha ile uliyonayo imekufa kweli. Fungua boneti uangalie mambo matatu. La kwanza ni raba au sponji inayozunguka intakula na kukutana na mfereji ulio chini ya boneti. Gari la miaka 15 na zaidi, sponji hiyo imeshakuwa unga. Upepo ukiingia kwenye tundu la boneti unapita pembeni badala ya kupita katikati ya mapezi, na hakuna intakula duniani itakayokusaidia hapo. Sponji nene ya kukata kwa kisu na gundi nzuri inamaliza kazi. La pili ni bati la kukinga joto juu ya turbo. Mafundi wengi wakifungua turbo hulitupa kwa sababu boliti zake zimeshika kutu, na turbo ikabaki uchi jirani na intakula, ikiipikia joto mchana kutwa. Lirudishe. La tatu ni mapezi yenyewe: yaliyolala yanyooshwe polepole kwa kijiti cha mbao, vumbi na mafuta vioshwe kwa sabuni ya kawaida na maji ya presha ndogo. Usiipeleke kwa kijana wa kuosha magari mwenye mashine ya presha kubwa, atakulazia mapezi yote kwa dakika moja.

Halafu pima kama inavuja. Sensa ya hewa ya Subaru iko kabla ya turbo, kwa hiyo hewa ikitoroka baada ya turbo, kompyuta inaamini bado ipo na inamwaga petroli ya kuifuata. Dalili zake ni moshi mweusi ukikanyaga, petroli kuisha haraka, na gari kutaka kuzima ukiachia mafuta. Ziba mdomo wa turbo kwa kifuniko chenye nipo ya tairi, jaza hewa hadi psi 15 kwa pampu, pulizia maji ya sabuni kwenye viungo vyote. Utaliona povu. Mara nyingi linatokea kwenye mpira wa kuunganisha intakula na throto (mlango wa hewa wa injini), au pale tangi la plastiki lilipobanwa kwenye alumini, kwa zile zenye matangi ya plastiki. Povu la kwenye mpira ni klampu na shilingi chache. Povu la kwenye ukingo wa tangi ni sababu halali ya kutafuta intakula nyingine.

Kipimo cha joto nacho kina mtego. Watu wananunua kile kidude cha Bluetooth cha OBD, cha kusomea kompyuta ya gari, wanasoma joto la hewa kwenye simu, wananiambia, "Fundi, nyuzi 30, safi kabisa." Kwenye EJ nyingi kihisio cha joto hilo kimo ndani ya sensa ya hewa, karibu na filta. Kinasoma hewa ambayo haijaona turbo wala intakula. Tumia multimita yenye waya wa kupima joto, ubandike waya kwenye upande wa kutokea hewa, ufunike kwa kipande cha sponji na utepe, multimita iwe ndani ya gari mikononi mwa mwenzako, si mwako. Kaa foleni, halafu toka barabara ya wazi. Ukitembea 80 kwa dakika kadhaa, upande wa kutokea ukiizidi hewa ya nje kwa nyuzi 15 au pungufu, intakula yako ni nzima. Kinachonihusu zaidi ni inachukua muda gani kushuka kufika hapo baada ya foleni. Muda huo ndio utakaokuambia kama pesa yako itafanya kazi.

Haya, tuseme umeamua kununua. Kuna maumbo mawili ya ndani. Moja ni la mirija myembamba yenye mapezi kati yake. Ni jepesi, linapoa haraka, lakini jiwe likilipiga linaumia. Jingine ni la mabamba yaliyopangwa kama matofali. Ni zito, gumu, na linameza joto jingi kabla ya kuzidiwa. Wauzaji watakusifia la mabamba, na kwa mtu wa mashindano ya mbio fupi wana haki, maana mbio zinaisha kabla chuma hakijajaa joto. Kwa gari la foleni mambo yanageuka. Uzito ule ukishachemka juu ya injini kwa saa nzima, unachukua muda mrefu kupoa, na wewe umeshafika kazini. Kwa gari la kila siku lenye boosti ya kiwandani au iliyopandishwa kidogo, mimi nachukua la mirija, au la mabamba lisilo nene kupita kiasi. Unene ndio unaodanganya watu. Intakula nene upepo unaingia baridi juu na kufika chini ukiwa wa moto, kwa hiyo sehemu ya chini inabaki pambo. Tafuta pana kabla ya nene.

Uliza pia inapoteza presha kiasi gani kutoka mlango wa kuingilia hadi wa kutokea. Psi 1 hadi 2 ni sawa. Ikizidi 3, turbo italazimika kusukuma zaidi ili injini ipate kile kile, na joto ulilolitoa mlangoni linarudi dirishani. Muuzaji asiyejua namba hiyo si lazima awe mwongo, lakini bei yake ishuke.

Sasa ile ya mbele. Nimeshazifunga nyingi na sizichukii. Ikiwa unalenga nguvu za farasi 350 kwenda juu, zinaanza kuleta maana, na hata foleni zinakaa mbali na joto la injini. Lakini hesabu gharama yote. Kuna mabomba mawili marefu, ya kwenda na ya kurudi, na kila kiungo ni mahali pa kuvujia. Hewa ya kujaza mabomba hayo inachelewesha turbo kidogo, na kuchelewa huko unakuhisi pale pale unapotaka kuingia mbele ya basi. Chuma cha ndani ya bampa mara nyingi kinakatwa au kubadilishwa. Rejeta na kondensa ya AC zinapata upepo uliokwishapashwa. Kompyuta ya injini inahitaji kupangwa upya na mtu anayejua, si kijana mwenye laptopu na faili la kudownload. Na barabara zetu je? Matuta yasiyo na rangi, matope ya njia ya shambani wakati wa mvua, kokoto za lori. Forester yenye kimo chake inavumilia. Impreza iliyoshushwa springi, hapana.

Kwa hiyo kwa wengi wa wateja wangu jibu limekuwa intakula ya juu iliyo kubwa zaidi, na ya kwanza ninayoitazama ni ya STI, ile Impreza yenye nguvu zaidi, kutoka Japani, iliyotumika. WRX ya msimbo GDA ilitoka na farasi 250, Forester XT ya msimbo SG5 na 220, STI na 280, na intakula ya STI ni kubwa kuliko za hao wawili. Ni kitu cha kiwandani, inakaa karibu mahali pale pale, upepo wa boneti unaitumikia. Lakini usidhani inaingia tu. Peleka yako ya zamani dukani Kirinyaga Road, ziweke kando kando juu ya meza, ulinganishe mabano ya kufungia, kipenyo cha mdomo wa throto, mahali bomba la turbo linapopandia, na uso wa ile valvu inayopiga "pssh" ukiachia mafuta. Mipira ya silikoni inanunuliwa pamoja. Kwenye Forester mfereji wa chini ya boneti huenda ukahitaji kukatwa ili ufuate umbo jipya. Usichukue ya Legacy GT kwa ajili ya Impreza kwa sababu tu zote ni Subaru. Na Forester XT ya kuanzia mwaka 2012 yenye injini ya FA20 haina tundu la boneti kabisa. Inapata upepo kupitia grili, hivyo hiyo ni habari nyingine.

Ukiwa na hiyo iliyotumika mkononi, ipindue uangalie ndani kwa tochi. Utando mwembamba wa mafuta ni kawaida, unatokana na mvuke wa injini. Mafuta yakichuruzika ukiinamisha, kuna turbo fulani Japani ilikufa, na huenda vipande vyake vimo humo ndani. Tikisa. Ikilia, iache dukani hata kama anapunguza bei. Kidole kipitishe kwenye kona zote za kuchomelea. Ufa mdogo unausikia kwa ukucha kabla ya kuuona. Mapezi yakilala upande mmoja tu ni ajali ya usafiri, yananyooshwa. Yakiwa na unga mweupe, imekaa kwenye chumvi, na mirija yake siamini.

Hizi mpya zisizo na jina, zenye nembo ya stika, zipo nzuri na zipo mbaya, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Mimi nazijaza hewa ndani ya ndoo ya maji mbele ya muuzaji. Akikataa, nimeshapata jibu.

Kuna anayeuliza kuhusu intakula ya maji. Subaru wenyewe waliitumia kwenye Legacy za turbo za kuanzia 1989. Foleni inasaidia kwa muda, lakini inaleta pampu, rejeta ya pili na mipira ya ziada kwenye gari ambalo tayari lina umri. Kunyunyizia maji juu ya mapezi, kama swichi iliyokuja na STI, ni rahisi zaidi na kunafanya kazi. Maji yawe safi tu, maana maji ya chumvi ya kisima yanaziba mapezi.

Ukishafunga, achana na mambo ya kupandisha boosti siku hiyo hiyo. Tembea nayo wiki moja ya kazi, kwenye njia yako ya kawaida, halafu kaza klampu zote upya injini ikiwa baridi, kwa sababu silikoni mpya hulegea ikishapikwa mara kadhaa. Rudia ile sabuni na pampu. Rudia na waya wa joto, njia ile ile na saa ile ile, uandike namba mbili kwenye karatasi: ya zamani na ya sasa.