Folda ya kushea inakukatalia? Usikimbilie 777

Ofisi nyingi za hapa Unguja skuizi zishakuwa hivi: kompyuta kuukuu imetiwa Ubuntu (aina ya Linux) na Samba (programu ya kushea mafaili na Windows na Mac) ndo inaweka mafaili, wa kaunta yuko kwenye Windows, wa kudizaini kaja na Mac yake, basi folda ikigoma kila mtu anamlaumu mwenzake. Kabla hujaandika chmod 777, yaani kumfungulia kila mtu kila kitu (najua mkono unawasha), tafuta kwanza nani hasa anayekatalia.

Maana ruhusa ziko pahala pawili. Samba ina zake ndani ya smb.conf (faili lake la mipangilio), Linux ina zake kwenye folda yenyewe, na hupiti mpaka ukubaliwe kote kuwili, kama nyumba za Mji Mkongwe, mlango wa njiani unaweza kuwa wazi na wa ndani una komeo, ukabakia dakani.

Kama Windows inauliza paswedi tu kila ukiingiza, hapo tatizo ni yuza. Samba haitumii paswedi ya Linux, ina yake, kwa hiyo yuza akishakuwepo kwenye Linux andika sudo smbpasswd -a asha umpe nyengine. Halafu Windows ina tabia ya kukumbuka jina la zamani na haitaki majina mawili kwa seva moja kwa wakati mmoja, inatoa error 1219, basi funga mafaili yote, andika net use * /delete kwenye cmd, ufute na paswedi iliyohifadhiwa kwenye Credential Manager. Kwenye Mac ifute kwenye Keychain. Na mambo ya guest (kuingia bila paswedi) yaacheni, Windows mpya zinamkataa, mpe kila mtu yuza wake.

Kama unaingia, unasoma, lakini huwezi kusevu, nenda kwenye seva ujaribu kuunda faili bila Samba kabisa:

sudo -u asha touch /srv/kazi/jaribu.txt

Ikikataa hapo, Samba haina kosa. Andika namei -l /srv/kazi uone ruhusa za kila folda njiani, saa nyengine folda yako iko sawa ila ya juu yake ndo imefungwa, hasa ukiwa umeiweka ndani ya home ya mtu, Ubuntu tokea 21.04 home mpya zinakuja na 750, yaani watu wengine hawaingii.

Ikikubali, basi rudi smb.conf. Samba usipoiambia kitu inaweka read only = yes, na create mask (ruhusa za faili jipya) ni 0744, ndo maana faili la Asha mwenzake analisoma tu. Mie huwa naunda grupu moja, naliita kazi, nawatia wote, kisha:

sudo chgrp -R kazi /srv/kazi
sudo chmod -R g+rwX /srv/kazi
sudo find /srv/kazi -type d -exec chmod g+s {} +

Na kwenye smb.conf:

read only = no
valid users = @kazi
force group = kazi
create mask = 0664
directory mask = 2775

Piga testparm ikague smb.conf, kisha sudo systemctl restart smbd.

Diski ya nje ya exFAT hiyo chmod haiisikii, ruhusa zake unaziweka wakati wa kumaunti, uid, gid na umask kwenye fstab (faili la /etc/fstab linalopanga diski za kumaunti). Na kama jana ilikuwa inafanya kazi, umeme ukakatika, leo inakatalia watu wote, andika findmnt kwanza uone diski zilizomauntiwa. Mara nyingi diski haikujimaunti, Samba inashea folda tupu ya root. Tumia UUID (namba ya diski yenyewe) kwenye fstab, si /dev/sdb1, jina hilo linabadilika, na uongeze nofail ili seva iwake hata diski ikichelewa.