Namna ya kushirikiana kidijitali katika studio ya usanifu wa ndani ya nyumba

Studio yetu ya Dar es Salaam ina watu wanne, na kazi zake nyingi ni nyumba za kuishi: jiko linalobomolewa Mikocheni, sebule inayopangwa upya Mbezi Beach, nyumba nzima inayojengwa Kigamboni kwa fedha za mwenye nyumba anayeishi Muscat. Hata hivyo, watu wanaoutegemea mchoro mmoja ni wengi kuliko hao wanne, kwa kuwa yupo mteja, yupo fundi seremala wa Keko, yupo fundi umeme, yupo muuza vigae wa Kariakoo, na kila mmoja ana simu mkononi. Utaratibu ninaoueleza hapa una lengo moja, nalo ni kwamba watu wote hao wasome mchoro uleule kwa siku ileile. Programu mnaweza kuchagua nyingine kulingana na mfuko wenu, lakini mahali pa kukaa kwa kila taarifa pakubaliwe na wote kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa.

Vipimo kwanza

Vipimo vichukuliwe na watu wawili. Mmoja anashika kipimo cha leza na kusoma kwa sauti, mwingine anaandika kwenye tableti juu ya mchoro wa awali wa chumba, kisha anairudia namba ile kwa sauti kabla ya kuhamia ukuta unaofuata. Kila ukuta upimwe chini, katikati na juu, na chumba kipimwe pia kutoka kona hadi kona kwa pande zote mbili. Vipimo hivyo viwili vya kona visipolingana, chumba hakijakaa kwenye pembe mraba na makabati yataonyesha kasoro hiyo mara tu yatakapofungwa. Andikeni vilevile kama ukuta umepigwa lipu au bado. Lipu ya kawaida huchukua milimita 12 hadi 15 kila upande, kwa hiyo chumba kilichopimwa kikiwa matofali matupu hupungua karibu sentimita 3, na vigae vya ukutani hupunguza zaidi.

Jambo la vizio nalisisitiza kwa sababu lilitugharimu. Tulichora makabati 7 ya jikoni, kila moja likiwa na upana wa 600, kwenye ukuta wa milimita 4,215. Mchoro haukutaja kizio popote. Fundi alisoma sentimita 60, akazigeuza kuwa futi mbili kama alivyozoea, na futi mbili ni milimita 609.6. Tofauti ya milimita 9.6 haionekani kwenye kabati moja, lakini makabati 7 yakawa na urefu wa milimita 4,267.2 na la mwisho likagoma kuingia. Kosa halikuwa la fundi, lilikuwa la kwetu. Tangu siku hiyo kila karatasi inayokwenda saiti inataja milimita kwenye kichwa chake, na michoro ya seremala huandikwa vipimo viwili pamoja, mathalani milimita 600 na pembeni yake inchi 23⅝, ili futi ya chuma ya fundi na skrini yetu zizungumze lugha moja.

Folda moja kwa kila nyumba

Kila mradi uwe na folda moja kwenye hifadhi ya mtandaoni, sisi tunatumia Google Drive, na ndani yake pawe na Vipimo, Michoro, Maamuzi, Manunuzi na Kwa Saiti. Jina la faili lianze na mwaka, ufuatwe na mwezi na siku, halafu chumba na namba ya toleo, kwa mfano 2025-03-14_Jiko_T03, kwa kuwa kompyuta huzipanga zenyewe kwa mfuatano wa tarehe. Neno «mwisho» lisiruhusiwe kwenye jina la faili. Folda ya Kwa Saiti ibebe PDF zinazotumika leo tu, na toleo jipya linapoingia, la zamani linaondolewa siku hiyohiyo, maana fundi hufungua faili la kwanza analoliona.

Si kila programu inavumilia mikono miwili kwa wakati mmoja. Jedwali la Google Sheets linaweza kuandikwa na watu watano pamoja, na historia yake huonyesha nani alibadilisha nini. AutoCAD na SketchUp, programu tunazochorea, hazifanyi hivyo kwa faili la kawaida: watu wawili wakilifungua faili moja kupitia folda inayosawazishwa, yaani inayojinakili yenyewe kati ya kompyuta na mtandao, mara nyingi mtaishia kuwa na nakala mbili zinazopingana, na kazi ya saa kadhaa ya mmoja wenu imo hatarini. Dawa yake ni kugawa kazi kabla ya kuichora. Kuta zikae kwenye faili moja, umeme kwenye jingine, dari kwenye la tatu, kisha faili la kuta liitwe ndani ya mengine kama rejea, hivi kwamba ukuta ukisogezwa unasogea katika michoro yote. Anayelifungua faili aandike kwenye kundi la studio «nimelichukua», na akimaliza aandike «nimeliachia». Ni desturi ndogo, lakini imetuokoa mara nyingi kuliko programu yoyote tuliyoinunua. Kwa kuwa umeme na mtandao hukatika, folda ya mradi unaoendelea ihifadhiwe pia ndani ya kompyuta, na kila mtu ahakikishe usawazishaji umekamilika kabla ya kuondoka ofisini.

Maamuzi yanayopitia WhatsApp

Mteja hatafungua programu ya kusimamia miradi hata mkimlipia. Atatuma ujumbe wa sauti wa dakika tatu usiku, akieleza kuwa mama mkwe amependekeza sinki lihamie dirishani. Msimzuie. Aliyepokea ujumbe huo auandike kwenye jedwali la Maamuzi siku hiyohiyo: tarehe, chumba, kilichoamuliwa, aliyeamua, na athari yake kwa bei na muda, halafu amrudishie mteja maneno hayo kwa maandishi na kungoja jibu la kukubali. Mchoro usiguswe kabla ya jibu hilo, kwani kuhamisha sinki kunahamisha bomba la maji, bomba la maji machafu na pengine soketi. Michoro itumwe kama hati na si kama picha, kwa kuwa WhatsApp hubana picha na namba ndogo za vipimo hufifia.

Kwa mteja aliye mbali, kalenda yake ijulikane. Muscat iko mbele yetu kwa saa moja tu, lakini mapumziko ya wiki huko ni Ijumaa na Jumamosi. Jibu mnalolihitaji Ijumaa liombwe Jumatano.

Skrini na macho

Rangi isiidhinishwe kwenye skrini peke yake. RAL 9010 na RAL 9016, namba mbili za orodha ya rangi iitwayo RAL, zote ni nyeupe, na kwenye simu nyingi utaziona ni moja, ila ukutani ya kwanza ina joto la manjano kidogo. Andikeni namba ya rangi kwenye jedwali, pakeni kibao cha sampuli, kisimamisheni chumbani asubuhi na jioni, na aliye nje ya nchi apelekewe kibao chenyewe na msafiri.

Jua, kwa upande wake, SketchUp inalionyesha vizuri mkiweka mahali halisi pa nyumba. Dar es Salaam iko kusini kidogo ya ikweta, hivyo jua la adhuhuri hupita kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba. Jaribuni tarehe 21 ya miezi yote miwili mbele ya mteja kabla ya kuzungumzia mapazia.

Manunuzi na ufunguo wa folda

Jedwali la Manunuzi liwe na picha ya bidhaa, duka, idadi, bei na tarehe bei ilipoulizwa. Kwa vigae, ongezeni asilimia 10 kwa ajili ya kukata na kuvunjika, na mkague kwamba maboksi yote yana namba moja ya toleo la kiwandani, vinginevyo sakafu itakuwa na madoa ya rangi mbili.

Ramani ya nyumba ya mtu ni siri yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, lakini hata kabla ya sheria, heshima ilitosha kudai hivyo. Ruhusa ya folda itolewe kwa mtu mmoja mmoja, si kwa kiungo kinachofunguliwa na yeyote, na fundi aliyemaliza kazi aondolewe.

Kabla lipu haijafunika waya na mabomba, mmoja wenu apite kila ukuta na kupiga picha huku futi ikiwa imenyooshwa kutoka kwenye kona. Picha hizo ziingie kwenye folda kwa jina la chumba na kukabidhiwa kwa mwenye nyumba pamoja na funguo, ili siku atakapotaka kutundika rafu aone waya unapita sentimita ngapi kutoka mlangoni.