Namna ya Kuanza Kingdom Come: Deliverance II Bila Kujichosha

Kingdom Come: Deliverance II ni mchezo wa video wa kuigiza mhusika uliotengenezwa na Warhorse Studios ya Prague na kutolewa tarehe 4 Februari 2025. Unaendeleza hadithi ya mchezo wa kwanza, uliotoka mwaka 2018. Tuko Bohemia, ufalme wa zamani katika nchi ya Czech ya leo, mwaka 1403. Mfalme Wenceslas wa Nne anashikiliwa na Sigismund, ndugu yake wa baba mmoja, na Henry, kijana aliyelelewa na mhunzi ambaye ndiye utakayemwongoza, anafuatana na bwana mdogo Hans Capon kupeleka barua kwenye ngome ya Trosky. Nimeucheza kwa saa 15 hivi, na ninaloliona mpaka sasa ni kwamba mchezo huu humfungukia yule anayekubali kuanza akiwa si lolote, ilhali anayekimbilia vita huadhibiwa vikali.

Mwanzoni kabisa utaulizwa maswali katika mazungumzo, na majibu yako ndiyo yatakayoamua kama Henry ataegemea upanga, uvamizi wa kimyakimya au ulimi. Usiumize kichwa hapo, kwa kuwa kila ustadi hukua kwa kutumiwa. Mimi ningechagua ulimi, kwa sababu siku za mwanzo silaha yako ni mbovu na maneno ndiyo yanayokuokoa mara nyingi zaidi.

Muda mfupi baadaye msafara unashambuliwa, na Henry anabaki na jeraha bila farasi wala silaha za maana. Hapa ndipo wengi hukosea, nami nilikosea vilevile: nilijitosa porini, nikakutana na majambazi watatu, nikafa, na kazi ya karibu saa nzima ikapotea kwa sababu sikuwa nimehifadhi mchezo. Kwa hiyo jambo la kwanza la kutafuta ni kitanda. Ukilala kwenye kitanda ulichopewa au ulichokodi, mchezo unahifadhiwa. Kwingineko utahitaji kinywaji kiitwacho Saviour Schnapps, ambacho ni adimu na ghali mwanzoni, ingawa unaweza kukitengeneza mwenyewe ukishaipata kanuni yake na mitishamba inayotakiwa. Ukitaka kupumzika tu, chagua kuhifadhi na kutoka, wala hutahitaji kinywaji hicho.

Kitanda hicho utakipata kwa kufanya kazi. Hadithi itakutaka uhudhurie arusi katika kijiji cha Semine, na utaelekezwa kwa watu wawili wanaoweza kukufikisha huko: Radovan, mhunzi wa Tachov, na Kreyzl, msaga nafaka ambaye shughuli zake za usiku hazifanani na za mchana. Nakusihi uwatembelee wote wawili kabla ya kwenda arusini. Kreyzl atakufundisha kufungua makufuli na kuingia mahali bila kuonekana. Kwa Radovan utajifunza kufua chuma, na kwangu hiyo ndiyo sehemu iliyonivutia kuliko zote: unapasha chuma moto mpaka rangi yake ibadilike, unakipiga nyundo kwa mwendo mmoja huku ukikigeuza, na Henry hupiga mluzi mambo yanapokwenda sawa. Sikiliza mluzi huo. Upanga uliofuliwa kwa makini hufaa zaidi kuliko ule ulioanza nao, na ukiuuza unapata fedha halali.

Kuhusu fedha isiyo halali, uwe mwangalifu. Si lazima uonekane ukiiba ndipo ushukiwe. Inatosha watu wakumbuke kwamba ulikuwa ukizungukazunguka karibu na nyumba iliyoibiwa. Adhabu zinaanzia faini na kufungwa hadharani kwenye nguzo ya aibu, zinapitia viboko na kupigwa chapa, na mwisho wake ni kunyongwa. Mali ya wizi hubaki na alama kwa muda, hivyo usiipeleke kuiuza kijiji kilekile. Oga na ufue nguo mara kwa mara pia, maana mwenye damu na matope mwilini hasikilizwi anapoomba jambo.

Mapigano yamerahisishwa kidogo kuliko ya mchezo wa kwanza, kwani sasa pande za kupigia ni nne tu, lakini hayajawa mepesi. Jizoeze kwanza kukinga pigo alama ya ngao ya kijani inapotokea, na usirushe upanga mfululizo, kwa sababu pumzi ikikuishia huwezi hata kujikinga. Kisha nenda kwenye kambi ya wahamaji ukamtafute Tomcat, ambaye atakufundisha pigo la ustadi linalojibu shambulio kutoka upande ulio kinyume na unakotokea upanga wa adui. Pigo hilo hufanya kazi kwa upanga peke yake. Mwenye shoka au rungu halipati. Tangu nilipolijua, ninaweza kupambana na mtu mmoja bila hofu. Wakija wawili, bado ninarudi nyuma hadi wote wawili wawe mbele yangu, na wakija watatu ninakimbia.

Ukishakuwa na kitanda, upanga ulioufua mwenyewe, nguo safi na chupa mbili tatu za Saviour Schnapps mfukoni, nenda arusini.