Namna ya Kusaka Chanzo cha Mikwaruzo ya Redio kwa Kipokezi cha Mkononi

Redio ndogo ya betri yenye masafa ya kati (MW), ile ambayo wengi wameisahau kabatini tangu FM ilipoenea, ndiyo kifaa cha kwanza ninachomshauri mtu akitoe pale anapolalamika kwamba matangazo yanakwaruza au kwamba redio ya upepo, yaani ya mawasiliano, ya chombo chake haisikii tena kama zamani. Vipo vifaa vya gharama kubwa zaidi, na nitavitaja, lakini hakuna hata kimoja kitakachomsaidia mtu ambaye hajajua anatafuta nini, ilhali redio hiyo ya kawaida, ikishikwa na mtu mtulivu, humfikisha hadi kwenye ukuta wa nyumba inayohusika.

Kazi huanzia nyumbani kwako mwenyewe, hata kama una hakika kwamba mkosaji ni jirani. Washa redio kwa betri, iweke mahali pasipo na kituo, kwa mfano karibu na kilohezi 600 na baadaye karibu na 1500, ongeza sauti mpaka kelele isikike waziwazi, kisha zima swichi kuu ya umeme wa nyumba. Kelele ikikatika papo hapo, chanzo kimo ndani, na kilichobaki ni kurudisha sakiti moja baada ya nyingine mpaka irejee, halafu kuchomoa kifaa kimoja kimoja kwenye sakiti hiyo. Zingatia kwamba inveta na vidhibiti vya sola huendelea kufanya kazi kwa betri zake hata swichi kuu ikizimwa, kwa hiyo navyo vizimwe kwa zamu yake. Wengi niliowasaidia hawakuhitaji kuvuka kizingiti cha mlango: chaja ya simu ya bei ya chini, au taa ya LED ya ukumbini, ilitosha kueleza kila kitu.

Ikiwa kelele inaendelea nyumba ikiwa haina umeme kabisa, isikilize vizuri kabla ya kutoka, kwa sababu kila chanzo kina lafudhi yake. Cheche kwenye nyaya za umeme hutoa mngurumo mkavu unaofuata mpigo wa umeme wenyewe: umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na cheche huruka mara mbili katika kila mzunguko, ndiyo maana mngurumo huo hupiga mara 100 kwa sekunde. Chaja na viendeshi vya taa za LED hujitokeza tena na tena unapozungusha kitafuta stesheni, pengine kila baada ya makumi machache ya kilohezi, na sauti yake huhamahama kidogo kadiri kifaa kinavyopata joto. Uzio wa umeme hugonga takribani mara moja kwa sekunde, tena kwa nidhamu ya saa ya ukutani. Andika pia nyakati na hali ya hewa kwenye daftari. Kelele inayoanza magharibi na kukoma usiku inahusiana na taa au biashara. Kelele inayozidi siku kavu za kaskazi na kutoweka mvua inaponyesha mara nyingi hutokana na chuma kilicholegea juu ya nguzo. Na ile inayozidi alfajiri yenye unyevu, hasa mwambao, huenda ni chumvi ya bahari iliyoganda kwenye vikombe vya nguzo, vile vinavyotenga waya na nguzo. Kurasa mbili za daftari la namna hiyo hupunguza matembezi ya wiki nzima.

Jambo ambalo mafundi wachanga hulipuuza ni uwezekano kwamba kosa ni la kipokezi chenyewe. Karibu na minara ya FM, redio ya mkononi hulemewa na nguvu ya mawimbi na kuzaa ndani yake ishara ambazo hazipo angani. Hesabu yake ni rahisi: chukua masafa ya kituo kimoja, yazidishe kwa mbili, uondoe masafa ya kituo cha pili. Vituo vya megahezi 106.5 na 94.0 vinaweza kuonekana kana kwamba vinatangaza kwenye 119.0, ambayo ni sehemu ya masafa ya mazungumzo ya ndege. Kupima ukweli, weka kipunguza nguvu cha desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha kulinganisha nguvu za ishara) kati ya antena na kipokezi. Ishara halisi itapungua kwa desibeli 10. Ishara iliyozaliwa ndani ya kipokezi kwa njia hiyo itaporomoka kwa takribani 30. Kwa wanaotumia kile kidude cha USB chenye chipu ya RTL2832U, ambacho wapenda redio wamekuwa wakikitumia tangu mwaka 2012 kuona masafa kwenye kompyuta au simu, kipimo hiki ni cha lazima, kwa sababu uwezo wake wa kuvumilia ishara kubwa ni mdogo. Uzuri wake ni kwamba unaona sura ya kelele kwa macho, jambo ambalo sikio haliwezi.

Sasa twende kwenye mwelekeo. Ndani ya redio ya masafa ya kati kuna kijiti cheusi cha feriti, aina ya kauri yenye sumaku, kilichozungushiwa waya mwembamba, na hicho ndicho antena yake. Husikia vizuri kwa ubavu na vibaya kwa ncha. Ishike redio ikiwa imelala, igeuze taratibu kama mtu anayetafuta kibla, na usikilize mahali sauti inapozama. Namaanisha inapozama, wala si inapopanda: eneo la sauti kubwa ni pana mno na linaweza kukudanganya kwa nyuzi nyingi, wakati shimo la ukimya ni jembamba na hukuonyesha mstari kwa nyuzi chache tu. Kelele inapozama, chanzo kiko kwenye mstari unaofuata urefu wa kijiti, ama mbele yako ama nyuma yako. Redio haisemi ni upi kati ya pande hizo mbili. Chora mstari huo kwenye ramani, nenda mahali pengine kando ya mstari, si juu yake, urudie, kisha upate mstari wa tatu. Mistari mitatu haitakutana kwenye nukta moja bali itaacha pembetatu, na hiyo pembetatu ndiyo mtaa utakaoutembelea kwa miguu.

Hapa pana mtego uliowapotosha wengi, nami nikiwamo. Kwenye masafa ya chini, kelele husafiri juu ya nyaya za umeme kwa mbali sana, na unaweza kufuata nguzo moja hadi nyingine kwa saa nzima ukidhani unakaribia. Dawa yake ni kupanda masafa kadiri unavyosogea. Mtaani sikiliza karibu na megahezi 1, yaani kilohezi 1000. Kelele ikishakuwa kubwa kila upande, chukua kipokezi chenye masafa ya ndege uhamie kati ya megahezi 118 na 137. Ikisikika vizuri hapo, panda hadi 300 au zaidi kama kipokezi chako kinaruhusu. Nguvu ya cheche hupungua masafa yanapopanda, kwa hiyo kelele inayosikika kwenye megahezi 300 kwa kawaida iko umbali wa nguzo chache tu. Masafa ya ndege yanafaa pia kwa sababu hupokelewa kwa mtindo wa AM, ambao sauti yake huonyesha ukubwa wa ishara. Redio ya FM imetengenezwa makusudi ipuuze mabadiliko ya ukubwa, na hivyo sikio halipati cha kulinganisha.

Kwenye masafa hayo ya juu kijiti cha feriti hakina kazi. Kama huna antena ya mwelekeo, tumia mwili wako: shika kipokezi kikiwa kimegusa kifua, geuka mzunguko mzima polepole, na mahali sauti inapofifia zaidi, chanzo kiko mgongoni kwako. Anayetaka usahihi zaidi atengeneze antena ya Yagi, aina ya antena ya mwelekeo, ya vipande vitatu vya futi ya chuma ya mafundi, vikifungwa juu ya bomba la plastiki. Nusu ya urefu wa wimbi kwa mita hupatikana kwa kugawa 150 kwa megahezi, kwa hiyo kwa megahezi 125 kipande cha kati huwa karibu mita 1.2, cha nyuma kirefu kidogo na cha mbele kifupi kidogo. Ukikaribia mno, kila upande utasikika sawa. Hapo punguza nguvu: fupisha antena, sogeza masafa pembeni kidogo, au kifunge kipokezi kwa karatasi ya alumini ya jikoni ukiacha upenyo mdogo.

Nilifanya hivyo jioni moja mtaani kwetu, baada ya daftari kuonyesha kwamba mngurumo ulianza kila siku saa kumi na mbili na nusu jioni na kukoma saa nne usiku. Redio iliyofungwa alumini ilinyamaza mbele ya duka la nguo, ikanyamaza mbele ya genge, ikapiga kelele mbele ya kinyozi. Kijana alinipokea kwa shikamoo, nikaitikia marahaba, nikamwomba azime bango lake la taa kwa nusu dakika. Alipozima, redio ilitulia ghafla hata wateja wakageuka kuiangalia. Tulifungua kisanduku cha umeme cha bango lile: kwenye bodi, mahali palipoandaliwa koili ya kuchuja kelele, mtengenezaji alikuwa amelehemu vipande viwili vya waya mtupu ili kuokoa gharama. Tulibadilisha kisanduku, na waya wake tukauzungusha mara saba kwenye pete ya feriti. Uzuiaji wa pete huongezeka takribani kwa mraba wa idadi ya mizunguko, kwa hiyo mizunguko saba hushinda kwa mbali pete nyingi zilizopitishwa waya mara moja moja.

Chanzo kikiwa nguzo ya umeme, kazi yako inaishia kwenye namba iliyoandikwa juu yake. Usiipige kwa nyundo ili kusikia kama kelele itabadilika, usivute waya wa kuishikilia, usiinue antena karibu na nyaya. Andika namba ya nguzo, saa, masafa uliyosikia na hali ya hewa, ukabidhi kwa wenye nguzo.

Kelele ikiwa na maneno au muziki, yaani mtambo mwingine umeingia kwenye masafa yasiyo yake, usiende kugonga mlango wa mtu. Peleka taarifa kwa mamlaka, ambayo kwa Tanzania ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) na kwa Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano, maana ndizo zenye uwezo wa kisheria wa kukagua na kuzima mtambo. Taja masafa kamili, tarehe na saa, mahali uliposimama, mwelekeo ulioupata na aina ya kipokezi, na ueleze kwamba ulipima kwa kipunguza nguvu. Mazungumzo ya watu utakayoyasikia njiani usiyarekodi wala kuyasambaza. Na ukisikia kwenye megahezi 121.5 sauti kama king'ora kinachoshuka tena na tena bila kukoma, acha msako wako na upige simu uwanja wa ndege ulio karibu, kwani ndiyo sauti ya kifaa cha dharura cha ndege, hata kama mara nyingi huwa kimejiwasha tu ndani ya karakana.