Kukagua MGB iliyotengenezwa nusu kabla hujatoa hela

"Kazi kubwa imeshafanyika, imebaki kumalizia tu." Mimi ni fundi bodi hapa Mbeya, na maneno hayo ya wauzaji yamewahi kunilia hela. MGB, gari la zamani la michezo la Kiingereza, yangu ya kwanza ilinunuliwa ikiwa na rangi ya kijani inayong'aa kama shamba la chai la Mufindi baada ya mvua. Wiki ya pili nikapita tuta pale Sae, mlango wa dereva ukagoma kufunguka. Nikatokea juu. Ndiyo faida ya gari lisilo na paa.

Tangu siku hiyo nakagua hivi.

Hatua ya 1: Soma namba kabla hujasifia rangi. Magari haya yalitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980. Fungua boneti utafute namba ya chesisi. Ya gari la wazi kwa kawaida huanza na GHN. Ukikuta GHD, gari hilo lilizaliwa na paa la bati na kuna mtu kalikata. Liache hapo hapo. Namba hiyo pia ifanane na ya kwenye kadi.

Hatua ya 2: Vizingiti, yale mabati yaliyo chini ya milango. Hapa usiwe na haraka hata kidogo. MGB haina chesisi ya kujitegemea kama Land Rover ya zamani. Bodi yenyewe ndiyo chesisi. Na kwa kuwa juu hakuna paa, mabati yaliyo chini ya milango ndiyo yanayolizuia gari lisikunjike katikati.

Chukua sumaku ndogo, ifunge kitambaa isichubue rangi, uipitishe kizingiti chote. Inapodondoka, chini ya rangi hakuna bati, kuna puti ya kuzibia. Kisha funga milango, tazama uwazi ulio kati ya ukingo wa nyuma wa mlango na bodi. Piga jeki upande wa mbele taratibu mpaka tairi liachane na ardhi. Uwazi ukibana, au mlango ukigoma, kizingiti kimekufa hata kama kimepakwa rangi jana. (Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Hata kwa dakika moja.)

Halafu dai picha za wakati wa kuchomelea. Fundi makini hufunga vyuma kwenye nafasi ya mlango kabla hajakata kizingiti. Asipofunga, bodi inalegea, naye anaichomelea ikiwa imepinda vile vile. Kuinyoosha maana yake ni kukata upya. Kwenye gari langu hapakuwa na picha. Tulipokata tulikuta magazeti yaliyoshindiliwa ndani na kufunikwa na puti.

Hatua ya 3: Injini. Ni ya cc 1798, chuma kitupu, haina makuu. Iache ipate moto kwanza. Geji ya presha ya oili isishuke chini ya 15 ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, na barabarani ikae 50 au zaidi. Mbeya tuko juu ya mita 1,600, hewa ni nyepesi, kwa hiyo kabureta zilizosetiwa Dar zitatoa moshi mweusi na masizi kwenye plagi. Kwenye kabureta za zamani za SU, ndizo za gari hili, unazungusha nati iliyo chini yake kuipandisha juu, kidogo kidogo, zote mbili sawasawa. Ni kazi ndogo, ila muuzaji hahitaji kuambiwa hivyo mkiwa kwenye bei. Mwisho panda nalo kutoka Uyole hadi Isyonje. Kama rejeta imeziba, mlima ule utaisema.

Hatua ya 4: Umeme. Magari ya hadi 1967, kama hayajabadilishwa, upande wa chanya wa betri ndio umeshikwa kwenye bodi. Ukifunga redio ya kisasa bila kujua, umeiunguza. Betri ziko nyuma ya viti. Kagua bati lililozibeba, linapenda kutu.

Hatua ya 5: Magurudumu ya spoku. Inua gurudumu, mtu akanyage breki, wewe ulitikise mbele na nyuma. Likicheza, meno ya habu yamelika.

Kuhusu bampa: zile nyeusi za mpira, zilizoanza 1974, wapenzi wa magari haya huko Uingereza huzibeza. Lakini magari hayo yako juu kidogo kuliko yale ya bampa za kromu. Kwa barabara za kwetu mimi nayachukua.

Hatua ya 6: Maboksi. Gari la nusu matengenezo huja na maboksi. Mwaga kila kitu chini, hesabu mbele ya mwenye gari. Tafuta kwanza vyuma vya kukunjia turubai, maana bila hivyo Tukuyu hufiki mkavu. Beba na spana za inchi, maana za milimita zitakula nati. Ukikosa, waulize mafundi wa Land Rover za zamani. Mimi sikumwaga maboksi. Nilifika nyumbani na vitasa vitatu, vyote vya mlango wa kushoto.