Somo: Kumpangusa chura sampuli ya fangasi bila wewe kuwa msambazaji

Wengi mmeuliza hii kazi ya kushika vyura usiku na kuwapangusa ngozi kwa kijiti, ili kupima fangasi anayewaua, inafanywaje. Naandika kwa mazoea yetu ya Usambara Mashariki, ila ukiwa Udzungwa au Uluguru hatua ni zilezile.

Kwanza kisa, maana bila hicho mtaona masharti yangu ni ya mganga. Chura wa Kihansi hafikii hata sentimita 3, na hatagi mayai, anazaa. Aligunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo la Kihansi, katika eneo la kama hekta 2 tu linaloloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Mwaka 2000 maji mengi yakaelekezwa kwenye mitambo ya umeme, korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyiza. Juni 2003 vyura walikadiriwa kufika 20,000 hivi. Miezi michache baadaye wakawa wa kuhesabu kwa vidole, na 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Mizoga ilikutwa na fangasi wa kitridi, jina lake la kisayansi Batrachochytrium dendrobatidis. Wapo wanaolaumu maji kupungua, wapo wanaolaumu tope lenye viuatilifu lililofunguliwa kutoka bwawani, na ubishi haujaisha. Mimi nimebaki na jambo moja: fangasi huyu anasafiri kwenye maji na tope, na tope linakaa kwenye soli ya buti. Anayetoka bonde hili kwenda lile usiku mmoja ni nani kama si mtafiti?

1. Vibali. COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori), na wenye msitu. Halafu nenda kwa mtendaji wa kijiji kabla jua halijazama. Tochi zinazozunguka mtoni saa nne usiku bila taarifa zitakuletea sungusungu.

2. Vifaa. Glavu zisizo na unga, nyingi kuliko unavyodhani. Vijiti vya sampuli vyenye mpini wa plastiki. Vya mti viache, vinaweza kuvuruga kipimo cha PCR, kile cha maabara kinachotafuta DNA ya fangasi. Vichupa vyenye mfuniko, mifuko midogo ya zipu (marufuku ya 2019 ililenga ile ya kubebea bidhaa, lakini itaje kwenye barua zako), rula, mizani ndogo ya kuning'iniza, tochi ya kichwani, penseli. Kalamu ya wino usije nayo, mvua ya msitu wa Amani, huku kwetu Usambara, haina adabu.

3. Kusafisha buti. Hapa ndipo watu wanapolipua kazi. Sugua tope lote kwanza kwa brashi, kwa sababu tope linakula nguvu ya klorini. Kisha loweka kwenye jiki: ile ya asilimia 3.5 changanya sehemu moja kwa mbili za maji, upate zaidi kidogo ya asilimia 1. Acha dakika 5. Suuza mbali na mto, jiki inaua viluwiluwi pia. Fanya hivyo kila unapobadilisha bonde, si kila unaporudi kambini. Ukiwa na nafasi, anika vifaa juani hadi vikauke kabisa, hadi kwenye mishono. Fangasi huyu hapendi ukavu wala joto.

4. Kumshika. Chura mmoja, glavu mpya, mfuko mpya. Nikiwa mwanafunzi nilikuwa nasuuza glavu mtoni nikidhani nabana matumizi. Sampuli zote za usiku ule tulizitupa, maana hakuna aliyeweza kusema fangasi alikuwa wa chura yupi.

5. Kupangusa. Mshike miguu ya nyuma taratibu, mgeuze tumbo juu. Pangusa mara 5 kila upande wa tumbo, mara 5 kila paja kwa ndani, mara 5 utando wa kila mguu wa nyuma. Jumla 30. Zungusha kijiti huku unapangusa. Usikwangue, ngozi ndiyo anayonywea maji na kuvutia hewa, na fangasi anaua kwa kuiharibu ngozi hiyo hadi chumvi za damu zinavurugika na moyo unasimama.

6. Mengine. Mpime kuanzia pua hadi tundu la nyuma, mpige picha, andika spishi, mwinuko na joto la maji. Mrudishe palepale ulipomtoa. Kichupa kiende kwenye ubaridi, kisisahauliwe kwenye dashibodi ya gari.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwana wa Muheza: Shikamoo mwalimu. Nimepima vyura 10 kijijini kwetu, wote hawana. Naweza kuandika kwamba eneo ni salama?

*Marahaba. Hapana. Kama chura 5 kati ya kila 100 wanao, unahitaji kupima kama 59 ndipo useme kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba ungempata angalau mmoja mwenye fangasi. Kwa 10 andika tu "hatukumpata".*

Dada Mto: Vyura wetu wana fangasi na wanaruka vizuri tu. Inawezekana?

*Inawezekana kabisa dada. Spishi nyingine hubeba bila kuugua. Na fangasi huyu hustawi kwenye nyuzi 17 hadi 25 hivi, kwa hiyo bonde la joto si sawa na mlima wa baridi. Ndiyo maana nasema joto la maji liandikwe.*

Kobe Mkavu: Na kobe wa maji je? Nataka kuanza nao.

*Kitridi ni cha vyura na jamaa zao, ila kuna virusi vya rana vinavyopiga vyura, samaki na kobe pia, kwa hiyo kanuni ya buti haibadiliki. Mtego wa wavu wenye dagaa unafaa, lakini sehemu ya juu lazima ibaki nje ya maji, kobe anavuta hewa na atazama mtegoni. Kuwatofautisha: geuza uangalie gamba la tumboni. Likiwa na bawaba mbele ni kobe wa kundi la Pelusios, lisipokuwa nayo ni wa kundi la Pelomedusa, na huyo atakunukishia. Nawa kwa sabuni kabla ya kula, kobe hubeba bakteria wa salmonela.*

Mwana wa Muheza: Mwalimu, glavu 59 ni hela nyingi kwa mwanafunzi.

*Ni jozi 59, tena. Kama hazitoshi, geuza mfuko wa zipu ndani nje, mshikie chura humohumo kama glavu, kisha mfuko huo huo unabaki kuwa chumba chake. Mfuko mmoja, chura mmoja. Ukiishiwa mifuko, rudi kambini ukalale.*